Miche 80 kando ya barabara ya mtaa: tupange vipi ili mwaka wa tatu iwe bado hai?

MtaaKijani (mleta mada)

Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa wanaoijua miti ya mjini.

Sisi ni kikundi cha kujitolea, majina 25 kwenye orodha. Mvua zikishika tunataka kupanda miche 80: mistari miwili kando ya barabara ya mtaa, na inayobaki kuzunguka uwanja wa wazi. Maombi ya ruhusa yako kwa mamlaka ya mji. Miche iko kitaluni ndani ya viriba, urefu kuanzia sm 60 hadi mita 1.2. Udongo umeshindiliwa na magari, na sehemu moja kuna kifusi cha ujenzi kilichofukiwa.

Yanayotutatiza ni haya. Shimo liwe na ukubwa gani? Wapo wanaoshikilia sm 60 kwa 60 kwa 60 na debe zima la samadi chini. Maji kiasi gani, na kwa muda gani? Upande mmoja wa barabara kuna nyaya za umeme, upande wa pili bomba la maji linapita chini. Tukae mbali kiasi gani? Na tukishapanda, ni nini hasa huiua miche ya mjini, ili tukiwahi?

---

Mnyweshaji

Mleta mada, anza na maji kabla ya shimo. Maji ndiyo yatakayokuambia upande miche mingapi.

Mche wa ukubwa huo, mvua zikikatika, unahitaji karibu lita 20 kwa wiki. Kwenye kichanga gawa lita 10 mara mbili, kwenye mfinyanzi mpe zote 20 kwa mara moja. Miche 80 ni lita 1,600, yaani madumu 80 ya lita 20 kila wiki. Kiangazi cha wiki 20 ni madumu 1,600, tani 32 za maji. Sasa rudi kwenye orodha yako. Siku ya kupanda watakuja wote 25 na majirani juu yake. Wiki ya tisa ya jua kali hesabu nusu, na usiwalaumu, watu wana kazi na familia. Watu 12 maana yake kila mmoja abebe karibu madumu 7 kwa wiki, bila kukosa. Bomba likiwa mita 30 kutoka kwenye miche, inawezekana. Likiwa mita 400, bila mkokoteni haiwezekani. Mkokoteni wa kubeba madumu 10 utapiga safari 8 kwa wiki, na safari 8 zinahitaji watu wawili wenye zamu inayojulikana, majina yao yameandikwa.

Kwa hiyo ningepanda 40 mwaka huu na 40 mwaka unaofuata. Najua inauma kuacha miche kitaluni, ila msimu wa pili utakuwa umeshajua watu wako halisi ni wangapi.

Siku 10 za mwanzo zina kanuni yake. Mizizi bado iko ndani ya bonge la udongo lililotoka kwenye kiriba, haijatoka nje hata kidogo. Bonge hilo hukauka upesi kuliko udongo wa pembeni. Unaweza kuchota udongo hatua moja kutoka kwenye shina ukaukuta na unyevu, na mche unakufa kwa kiu. Mwagia lita 5 kila baada ya siku moja, tena juu ya bonge lenyewe, si pembeni. Kuanzia mwezi wa pili sogeza maji nje kidogo kidogo ili mizizi iyafuate.

Kisahani cha kuzunguka mche: kipenyo sm 80, ukuta wa udongo sm 8 hadi 10, katikati pawe juu kidogo ili shina lisisimame ndani ya dimbwi. Kisahani cha upana huo kinapokea lita 20 kikijaa sm 4 tu, kwa hiyo hakimwagiki. Mvua kubwa zikirudi kwenye mfinyanzi, vunja ukuta upande mmoja maji yatoke.

Kwa wenye watu wachache kuna dumu la kudondosha. Toboa tundu la milimita 2 karibu na kitako, liweke kando ya mche, jaza, ondoka. Tundu la ukubwa huo humaliza lita 20 kwa takriban saa moja na nusu, na maji yote huzama badala ya kutiririka barabarani. Kifuniko kilegezwe hewa iingie, la sivyo maji hukatika njiani na kesho yake mtasema tundu limeziba. Huziba kweli pia, kwa hiyo chuja maji kwa kitambaa yakiwa na tope.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti sm 15 kisha kichomoe. Kikitoka na udongo unaoshikamana, subiri siku mbili. Majani yaliyolegea mchana na kuamka asubuhi ni kiu ya kawaida. Majani yaliyolegea asubuhi wakati udongo umelowa ni mizizi inayokosa hewa, na ukiongeza maji unaumaliza.

Muda: miaka 2 kamili, na wa tatu kwenye ukame tu. Mwaka wa pili lita 20 kila wiki mbili hutosha miti mingi.

---

ShingoYaMzizi

Naungana na Mnyweshaji kwa maji. Mimi niseme juu ya kina, maana ndilo kosa linaloua taratibu kiasi kwamba mti ukifa mwaka wa saba hakuna anayekumbuka siku ya kupanda.

Kila mche una shingo: pale shina linapoishia na mzizi wa kwanza mkubwa unapoanza. Shingo ikae usawa wa ardhi, au juu yake sm 2 kwenye mfinyanzi. Shida ni kwamba kitaluni mche ulipohamishwa kutoka kwenye kitanda kuingia kwenye kiriba, mara nyingi ulizamishwa. Usawa wa juu wa udongo wa kiriba siyo shingo! Fukua kwa kidole mpaka uguse mzizi wa kwanza wa pembeni ulionenepa, ndipo upime kina cha shimo kuanzia hapo. Ni kawaida kukuta sm 3 hadi 5 za udongo wa ziada.

Shingo ikifukiwa, gome la shina, ambalo halikuumbwa kukaa kwenye unyevu, linaoza. Mizizi iliyo chini inakosa hewa, na mche unatoa mingine juu yake inayozunguka shina kama kitanzi. Shina linaponenepa kitanzi kinalikaba. Kwa nje unaona majani madogo, taji (matawi na majani ya juu) jembamba upande mmoja, na shina linaloingia ardhini limenyooka kama nguzo, bila kupanuka kwa chini.

Sasa shimo. Upana mara mbili au tatu ya bonge, kina sawa na bonge, basi. Mizizi mingi inayonyonya maji na chakula huishi kwenye sm 30 za juu, hivyo nguvu zako zipeleke kwenye upana. Kwa kiriba cha upana wa sm 15 shimo ni sm 30 hadi 45, kisha lainisha udongo wa kulizunguka mpaka duara la sm 60 hadi 80, na kama mtaimbo na watu vipo, fika mita 1. Kitako cha shimo kiachwe kigumu ili bonge lisishuke. Ukuta wa shimo kwenye mfinyanzi uliolowa hung'aa kama chungu baada ya kupitishwa koleo. Uparuze kwa sururu, vinginevyo mizizi hufika pale ikageuka.

Samadi debe zima chini, hapana. Sababu tatu. Samadi isiyoiva hupata moto na chumvi yake huunguza mizizi. Ikiiva na kuoza zaidi inapungua ujazo, na mche unazama pamoja nayo. Na shimo lenye udongo mzuri katikati ya ardhi ngumu huwa kama ndoo: mvua inaingia, haitoki. Rudisha udongo uleule uliotoka, ukitoa mawe na plastiki. Mboji iliyoiva weka juu, sm 3, chini ya matandazo (majani makavu ya kufunika udongo), mvua iishushe. Mbolea ya chumvichumvi ingoje mwaka wa pili, kama majani yataonyesha uhitaji.

Fanya jaribio la maji kabla hujaamua mahali. Chimba sm 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha chomeka rula. Yakishuka sm 2.5 au zaidi kwa saa, pazuri. Chini ya sm 1 kwa saa, hapo panda kwenye tuta pana lenye kimo cha sm 20 au hamisha mahali pa kupanda. Nusu siku ya kazi hii itakuokolea miche mingi.

Siku yenyewe: loweka kiriba saa moja kabla. Chana plastiki yote, itoke yote. Mizizi ikiwa imezunguka, kata kwa kisu mistari 4 ya wima yenye kina cha sm 1 na uondoe sm 1 hadi 2 za kitako pale ilipojikunja. Inaonekana ni ukatili, lakini mzizi uliozunguka hautajinyoosha wenyewe kamwe. Jaza udongo nusu, mwaga maji ushikane, maliza. Usikanyage kwa kisigino; bonyeza kwa viganja. Jioni hesabuni viriba vitupu kwenye gunia. Vikipungua viwili, kuna miche miwili iliyozikwa na plastiki yake, na mtaipata ikidumaa mwezi wa tano.

Kitaluni chagua kwa unene, si urefu. Gawa urefu kwa sentimita kwa kipenyo cha shina kwa milimita, pale karibu na udongo. Ikitoka 6 au pungufu, mche imara. Ikizidi 8, umerefuka kwa kutafuta mwanga na utahitaji kushikiliwa. Kwa hiyo mche wa sm 60 uwe na shina la milimita 10. Huo wa mita 1.2 uwe na milimita 20, na wengi hawana. Mdogo mnene utaupita mrefu mwembamba ndani ya miaka miwili.

---

MtaaKijani

Asanteni sana, hesabu ya madumu imetunyamazisha wote. Swali kwa ShingoYaMzizi: wanaodai sm 60 wanasema ardhi yetu ni ngumu kama saruji, shimo lisipokuwa refu mizizi haitashuka. Na kwenye kifusi tufanyeje?

---

ShingoYaMzizi

Hawajakosea kabisa, na waheshimuni kwa hilo. Kwenye ardhi kavu ngumu kuchimba kina husaidia kweli maji kuingia. Hatari ni udongo uliorudishwa kushuka. Mkichimba sm 60, chimbeni wiki 4 hadi 6 kabla, mrudishe udongo tabaka la sm 15 kwa sm 15 mkilishindilia kwa mguu na kulimwagia maji, muache mvua mbili tatu zipite, kisha mpande kwenye udongo uliokwisha tulia. Kuchimba na kupanda siku hiyohiyo kwenye shimo refu ndiko kunakozamisha miche.

Kupima ugumu: siku moja baada ya mvua, sukuma nondo ya milimita 8 kwa mkono. Isipoingia sm 15, mizizi nayo itapata taabu. Tumia mtaimbo kupasua ardhi kwa mistari inayotoka kwenye shimo kama miale, mita 1 hadi 1.5, upana wa koleo, kina sm 30, ujaze udongo uliolainishwa wenye mboji kidogo. Kwa watu wenye sururu ni saa moja kwa mche, na ni saa yenye faida kubwa kuliko kuongeza kina.

Kifusi: mawe na matofali machache hayana neno. Saruji na chokaa ndivyo vibaya, vinapandisha uchungu wa magadi kwenye udongo, na madini ya chuma yanakuwepo lakini mti hauwezi kuyapata. Utaona majani machanga yamekuwa njano na mishipa imebaki kijani. Toa vipande vyote vya saruji kwenye duara la mita 1. Penye saruji tupu zaidi ya sm 40, panda nyasi au vichaka na uhamishe mti.

---

BombaNaNyaya

Kuhusu nafasi. Mamlaka nyingi zina vipimo vyao na hivyo vinatangulia. Haya ni ya kuanzia mkiwa mnachora ramani.

Chini ya nyaya panda miti ambayo ukubwani haizidi mita 5 au 6, mirefu ikae upande wa pili kabisa. Usijidanganye kwamba mtaupogoa. Mti mrefu chini ya nyaya hukatwa kichwa na watu wa umeme kila baada ya miaka michache, unatoa machipukizi mengi dhaifu yaliyoshikilia gome tu, na unaoza kuanzia juu. Nguzo ya taa mita 5 au zaidi. Makutano ya barabara mita 10, dereva aone. Ukingo wa barabara mita 1 kwa mti mdogo, mita 2 na zaidi kwa mkubwa. Bomba mita 2 hadi 3 pembeni, na kabla ya sururu kugusa ardhi mwombeni mwenye bomba aweke alama. Sururu moja kwenye bomba itawapotezea imani ya mtaa mzima. Kwa kawaida mizizi haivunji bomba lisilo na ufa. Huingia palipo na ufa au kiungo kinachovuja, kwa kufuata unyevu. Bomba la zamani linalovuja litaingiliwa hata na mti wa mbali.

Jambo linalosahaulika ni ujazo wa udongo. Makadirio yanayotumika sana ni mita za ujazo 0.6 za udongo unaopenyeka kwa kila mita ya mraba ya kivuli mnachotarajia. Mti wenye taji la kipenyo cha mita 6 una kivuli cha mita za mraba 28, hivyo unataka karibu mita za ujazo 17. Tundu la mita 1 kwa 1 katikati ya zege, kina sm 90, lina mita za ujazo 0.9, linatosha taji la mita 1.4. Ndiyo maana miti ya kwenye vitundu vya zege hudumaa au kuinua zege. Kwa hiyo ule uwanja wa wazi upewe miti mikubwa yote, na barabarani iwe midogo na ya kati. Umbali kati ya mti na mti: midogo mita 5 hadi 6, ya kati mita 8, mikubwa mita 10 hadi 12.

Na msipande aina moja, hata kama mstari unaofanana unapendeza. Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, mwaka 1990 alipendekeza mji usizidishe asilimia 10 ya spishi moja, 20 ya jenasi moja (kundi la spishi za karibu), 30 ya familia moja (kundi la jenasi za karibu). Sababu ilikuwa inaonekana mitaani: ugonjwa wa kuvu ulifyeka miti ya jenasi Ulmus iliyokuwa imejaza barabara za miji ya Marekani, na sehemu nyingi wakairudishia kwa miti ya jenasi nyingine, Fraxinus. Mwaka 2002 akagunduliwa karibu na Detroit mdudu wa kijani, Agrilus planipennis, ambaye viluwiluwi vyake hula chini ya gome la Fraxinus, na mitaa ileile ikabaki tena bila kivuli. Kwa miche 40 si lazima hesabu iwe kali. Aina 6 hadi 8 zitawalinda vya kutosha. Kwanza tembeeni mtaa mzima mwone kipi kimeshajaa, hicho msikiongeze.

---

MpogoaMiti

Umeuliza nini huua. Baada ya kiu na kina, mjini wauaji ni mashine ya kukata nyasi, kamba iliyosahauliwa, na mapenzi ya kupindukia.

Mashine kwanza. Chini tu ya gome kuna njia inayoshusha chakula kutoka majani kwenda mizizi. Waya wa mashine ukiligonga gome la mche mara tatu nne, njia imekatika. Gome likitoka duara zima, majani yatabaki kijani wiki kadhaa huku mizizi inakufa njaa, na watu watasema ni ugonjwa. Kinga ni kutokuwa na nyasi za kukata karibu: matandazo kwa nusu kipenyo cha sm 50, unene sm 5 hadi 10. Matandazo yasiguse shina, acha pete tupu ya sm 10. Yale marundo yaliyobebeshwa shina kama kichuguu yanaozesha gome na kualika panya. Majani makavu, vipande vya matawi, nyasi kavu zisizo na mbegu, vyote vinafaa. Nyasi mbichi zikipangwa nene hushikamana na kuzuia maji. Penye mchwa, tandaza yaliyokwisha kuoza kidogo na usiruhusu mche ukae na kiu, kwa kuwa mchwa hupenda mti uliodhoofika.

Nguzo: mche ukisimama wenyewe usiufunge. Shina linalotikiswa na upepo hunenepa kwa chini, lililofungwa kwa nguvu hurefuka bila unene. Ukilazimika, nguzo mbili nje ya bonge, ufungie theluthi ya chini ya urefu, kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana sm 3, umbo la namba 8, shina liweze kucheza. Waya hapana, hata ukipitishwa kwenye kipande cha bomba. Andika tarehe ya kufungua siku ileile ya kufunga: miezi 6, ikizidi sana 12. Na ule mwanzi wa kitaluni uliofungwa na kamba ya nailoni utolewe siku ya kupanda.

Kizuizi cha wanyama na mipira ya watoto: urefu mita 1.2 hadi 1.5, upana sm 50 au zaidi, upande mmoja ufunguke kwa ajili ya palizi. Kikibana mno matawi husuguliwa na vyuma.

Kupogoa mwaka wa kwanza ni matawi yaliyovunjika au kufa tu. Kila jani ni jiko la kulisha mizizi. Mwaka wa pili na wa tatu tafuta vilele viwili vinavyolingana nguvu; chagua kimoja, kingine kifupishe kwa nusu ili kibaki nyuma. Ukiacha vyote, gome hukunjwa katikati yao na miaka 15 baadaye mti hupasuka hapo. Matawi ya chini usiyamalize upesi ili mti uonekane nadhifu, hayo ndiyo yanayonenepesha shina. Taji libaki theluthi mbili za urefu. Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani.

Mkato upite nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Usiache kisiki, usikate uvimbe wenyewe, kwani ndio unaofunga kidonda. Rangi na lami kwenye kidonda hazisaidii. Tawi la sm 3 na zaidi lina mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, sm 30 mbali na shina, theluthi ya unene, wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule, tawi lianguke bila kuchana gome, wa tatu ndio wa kwenye uvimbe. Watu wa kujitolea wafanye kazi miguu ikiwa ardhini. Ngazi, msumeno wa mashine na chochote karibu na nyaya ni kazi ya wenye mafunzo.

---

DaftariLaMiti

Naongeza dogo la utaratibu. Kila mti uwe na namba, na kila namba iwe na mtu. Miti 5 kwa watu wawili, jirani na wanapoishi. Tukisema "tunatunza wote", mti wa mwisho wa mstari hukosa maji.

Daftari: namba, aina, tarehe ya kupanda, mahali, kipenyo cha shina kwa sm 15 kutoka ardhini (ukishakua hupimwa mita 1.3), hali, tarehe ya kufungua kamba. Kagueni baada ya wiki 2, mwezi 1, miezi 3, kisha kila miezi 6. Mche mkavu usiung'oe haraka. Kwaruza gome kwa ukucha kuanzia juu kushuka. Ukikuta kijani chenye unyevu, bado yupo. Kata sehemu iliyokufa na uendelee na maji.

Na mkitoa taarifa mtaani, tangazeni idadi iliyo hai, si iliyopandwa. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, akina mama walipewa malipo madogo kwa mche uliobaki hai. Namna mnavyohesabu ndiyo itakayoamua watu waweke nguvu wapi.

---

MtaaKijani

Tumekubaliana 40, uwanjani kwanza. La mwisho: kuna miti 6 pale uwanjani iliyopandwa na wengine. Tumefukua kama mlivyosema, shingo ziko sm 8 chini. Minne ina miezi michache, miwili inaelekea miaka mitatu. Inaokoleka?

---

ShingoYaMzizi

Minne inyanyueni, mvua ikiwepo, jioni au siku ya mawingu. Mwagieni siku moja kabla. Chimbeni mfereji wa duara sm 30 kutoka kwenye shina, kina sm 35, kisha koleo mbili zipite chini kutoka pande mbili na zinyanyue bonge kwa pamoja. Usivute shina. Mwingine aweke udongo chini na kuubonyeza mpaka shingo ifike juu, sm 2 zaidi kwa ajili ya kushuka. Lita 20 hapohapo, matandazo, na ratiba ya maji ianze upya kama mche mpya. Msipogoe.

Miwili ya miaka mitatu msiinyanyue, mizizi imeshakwenda mbali. Ondoeni udongo kwa mikono na kijiko cha bustani, msitumie jembe, mpaka shingo ionekane yote, kisha mteremshe kingo mpaka mita 1 nje ili lisiwe shimo la kutuamisha maji. Mkikuta mizizi inayozunguka shina, iliyo myembamba kuliko kidole kateni mahali pawili na mtoe kipande. Minene kidogo kateni mmoja kwa msimu, mwone mti unavyoitika kabla ya mwingine. Mzizi ulioshazama ndani ya gome usiuvute, kateni ncha zake zote mbili uozee mahali pake. Kama maji yanasimama hapo hata baada ya kuteremsha kingo, chimbeni mfereji wa sm 15 kuyatoa upande wa chini.